Ng'ombe wa Mama na Mtandao wa Nyuma ya Jikoni

Mume wangu alikuwa afisa wa kaunti, na kazi yake, kama alivyopenda kuwaeleza wageni kabla hata hawajakaa, ilikuwa kuwafikishia wananchi mtandao. Wananchi wa mbali, wa Ngaremara na Leparua huko. Mwananchi wa karibu kabisa, mama yangu mzazi, aliishi nyuma ya jikoni yetu hapa Chechelesi, Isiolo, na mtandao ulimpita hivi hivi.

Mama alikuja kutoka Meru baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Daktari alitaka afanyishwe mazoezi hapa Isiolo mpaka aweze kutembea bila mkongojo, la sivyo angebaki kiwete. Lakini mama wa kizamani wa kwetu hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwe wake. Ni heshima, na haina mjadala. Basi tukamjengea chumba uani, mabati juu, mabati ukutani, mabati mlangoni. Akakubali kukaa kwa sharti moja: kila jioni, wakati wa kukama, ndugu yangu aliyebaki Meru ampigie simu ya video amwone ng'ombe wake. Asipomwona anarudi nyumbani, nyonga ipone isipone. Namjua mama yangu. Hakuwa anatisha mtu.

Sasa mabati yale! Intaneti yetu ikifika pale inagonga inarudi. Bando ya simu nayo ilikwisha kabla ng'ombe hajageuza shingo. Mahali pekee uani palipokuwa na mtandao mzuri ni chini ya dirisha la chumba chetu cha kulala. Nilipompelekea kigoda hapo, Mama alinitazama kama nimemtukana.

"Nikae chini ya kitanda cha mkwe wangu? Afadhali nipofuke."

"Usiwe na wasiwasi," mume wangu akaniambia. "Hii ndiyo kazi yangu." Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia.

Kwanza akaitisha kikao cha kushirikisha umma. Haki ya Mungu! Sebuleni mwetu, na chai, na mandazi niliyoyapika mimi. Umma wenyewe ulikuwa majirani, ambao walikula, wakausifu mradi, wakauliza kama nao watapewa pasiwadi. Mama, mwenye shida, hakuhudhuria, kwa sababu kikao kilikuwa ndani ya nyumba asiyoweza kuingia. Mume wangu akasema maoni yake yatazingatiwa.

Kisha akafunga safari ya mafunzo hadi Nanyuki, kwa rafiki yake aliyevuta intaneti mpaka kwenye banda la kuku. Alilala huko. Akarudi ananuka nyama choma, akatuambia kwamba wenzetu wameendelea sana.

Muda wote huo, jioni ndugu yangu akipiga, Mama aliona kitu chekundu kinaganda, kinakatika, kinaganda tena. "Ni yeye," alisema, ameshika simu kwa mikono miwili. "Amenona." Lakini siku moja nikamkuta ameanza kupanga nguo zake kwenye kiondo. Nikamkimbilia mume wangu, nikamwambia Mama anaondoka. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake litaanza kuuma leo, kwa sababu sipiki.

Kesho yake alileta kifaa cha kusukuma mtandao mbele, kina antena kila upande. Yeye naye haingii kwa mama mkwe, kwa hiyo alisimama uani akiniamrisha kwa sauti: kushoto, juu, hapana, kule pembeni kabisa! Nikakifunga pembeni kabisa. Kazi ya kifaa hicho ni kuudaka mtandao na kuurusha tena. Sisi tukakiweka mahali ambapo hakuna mtandao wa kudaka. Hakuna aliyekijaribu. Uzinduzi ulikuja kwanza: mume wangu akatoa hotuba, akakata utepe alioung'oa kwenye rinda langu, majirani wakapiga makofi. Mama akafungua simu. Kaduara kakazunguka, kakazunguka. Mume wangu akatangaza kwamba awamu ya kwanza imekamilika.

Nilipandwa na hasira. Nikaenda mjini mwenyewe, nikanunua waya mrefu na kisanduku cha pili cha kurusha mtandao, nikaupitisha waya dirishani, juu ya kamba ya nguo, ukaingia chini ya mabati ya Mama. Taa za kisanduku zikawaka. Mume wangu akauita suluhu ya muda.

Jioni hiyo ndugu yangu akapiga. Aii, picha hiyo! Unaona nzi mmoja mmoja. Unaona povu la maziwa kwenye ndoo. Nilicheka kwa furaha, nikajua sasa Mama atakaa, atapona. Yeye akaisogeza simu karibu na macho, akamwambia ndugu yangu amgeuze ng'ombe, aonyeshe kichwa. Ndugu yangu alisita, kisha akamgeuza. Nyuma yao, kwenye ukuta wa zizi, palikuwa na pikipiki mpya.

"Huyu si wangu," Mama akasema. "Wangu pembe ya kushoto imeinama. Huyu ni wa jirani. Wangu yuko wapi?"

Ndugu yangu akaanza kusema haloo, haloo, mtandao unasumbua, hasikii. Lakini mtandao haukuwa unasumbua. Tulimwona vizuri, mpaka jasho lililomtoka juu ya mdomo, na macho yakikwepa yetu, yakielekea kwenye ile pikipiki.

Mama akazima simu. Huko uani mume wangu akapaza sauti: "Muulize mama kama ameridhika na huduma." Nilikuwa nimeomba usiku na mchana mama yangu asiondoke, na sasa sikuweza hata kumtazama usoni.

Mama akavuta kiondo chake, akatoa nguo moja moja, akazitundika msumarini.

"Basi nitakaa," akasema. "Nirudi nikamkame nani?"