Matufaha ya Mkaguzi wa Lifti

Kwa miaka thelathini na moja Harlan Zwicker alikagua lifti za miji minane ya Kanada. Watu wasiomjua walipanda hadi ghorofa ya ishirini kwa kuamini saini yake iliyobandikwa juu ya vitufe, wala hawakuuliza huyu Zwicker ni nani. Alipostaafu, akahamia Bonde la Annapolis, Nova Scotia, kwenye barabara ya nyumba kumi na nne na miti ya matufaha isiyo na idadi. Alidhani kwamba mtu aliyeaminiwa na miji minane hatashindwa na barabara moja.

Halowini ya kwanza, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya maigizo na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, ilimpa jibu lake. Alioka biskuti, akazifunga vizuri, akawagawia watoto waliobisha hodi wamevaa kama mizuka na kamba wakubwa wa baharini. Kesho yake asubuhi alizikuta mtaroni, moja hapa, nyingine mbele kidogo, kama vibao vya kumwelekeza mgeni nyumbani kwake. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Peremende ya dukani hupokelewa kutoka kwa yeyote, lakini kilichopikwa nyumbani huliwa tu kikitoka kwenye nyumba inayojulikana. Nyumba za namna hiyo zilikuwa tatu. Yake haikuwamo.

Mwenye akili angenunua peremende mwaka uliofuata. Harlan naye akili alikuwa nazo, ila alikuwa na mazoea ya kuzitumia mambo yakishaharibika. Aliapa kwamba safari hii, kabla siku haijaisha, mtoto mmoja wa barabara ile angekula kitu cha mkono wake. Na kwa kuwa hakupenda kuanza na jambo dogo, akachagua matufaha ya sukari, yale mekundu ya kung'aa kama taa ya breki.

Siku ya Halowini aliamka mapema, akapanga vifaa mezani kama anayejiandaa kukagua: kipimajoto, saa, daftari. Akachemsha sukari, maji, siki kidogo na rangi nyekundu hadi nyuzi mia na hamsini kamili. Akachoma tufaha kijiti, akalizungusha ndani ya sufuria, akalisimamisha kwenye sinia na kurudi nyuma hatua mbili alitazame. Ganda la sukari likateremka taratibu, kama lifti, likatua chini na kuliacha tufaha uchi. La pili vilevile. La tatu lilishuka na kijiti chake. Aliandika yote daftarini, na wakati anaandika, sukari iliyobaki jikoni ikaungua.

Moshi ndio uliomleta Lorna Veinot, jirani wa upande wa kushoto, bibi wa miaka themanini na mmoja. Aliingia bila kubisha hodi, akafungua dirisha, akazima jiko, ndipo akamsalimu.

"Kijana, unapika au unawaita zimamoto?"

"Napika, Mama Lorna."

Lorna aliinua tufaha, akalikwaruza kwa ukucha, akautazama ukucha.

"Haya umeyatoa wapi?"

Harlan alitamani kudanganya. "Dukani. Yalikuwa yanang'aa."

"Yanang'aa kwa nta, bwana. Sukari itashika wapi?" Bibi alivuta kiti akaketi, maana jambo lenyewe lilihitaji kukaa. "Hebu nielewe. Unaishi kwenye bonde hili. Ukitoka mlangoni unakanyaga matufaha. Halafu umewasha gari ukaenda kununua yaliyotoka upande wa pili wa nchi?"

"Niliona yale ya chini yana madoa."

"Hata wewe una madoa, na tumekuacha ukae."

Harlan alicheka, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kulia, na mtu wa miaka sitini na saba akilia juu ya sufuria huonekana vibaya. Akamweleza habari ya mtaroni. Lorna hakumpa pole.

"Nilijua. Biskuti moja aliila mbwa wangu."

"Alisemaje?"

"Hakurudi kutafuta ya pili."

Bibi alimpeleka uani kwake, akamjazia ndoo matufaha madogo ya mti wake, makali ya kukunja uso. Aliporudi jikoni Harlan aliyafuta moja moja mpaka yakakauka, akachemsha sukari nyingine. Lorna hakukitazama kipimajoto. Alidondosha tone la sukari kwenye bakuli la maji baridi, likalia ka! kama kioo. "Sasa," alisema. Ganda lilishika. Kisha akaenda zake, akipitia nyumba moja baada ya nyingine, na kutoka dirishani Harlan aliona jinsi kila mlango aliosimama mbele yake ulivyotoa kicheko.

Jioni ilipoingia, mlangoni palisimama Tamsin Rafuse, mama wa nyumba ya tano, na binti yake aliyevaa kama mnara wa taa. Mtoto alinyoosha mkono. Mama akaushika.

"Umeyatengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe," Harlan alisema. "Ya kwanza yaliteleza. Nilinunua ya dukani, yenye nta."

"Tumesikia. Barabara nzima imesikia." Alikuwa anaubana mdomo asicheke. "Na habari ya daftari pia tumesikia."

Harlan alimsogezea sinia. Tamsin alilichukua tufaha, akaligonga kwenye nguzo ya ngazi mpaka ganda likapasuka, akatia kipande mdomoni. Alitafuna muda mrefu kuliko Harlan alivyopenda. Katika kazi yake hakuwahi kuwaza jinsi lifti inavyojisikia mkaguzi akiwa ndani.

"Limeungua kidogo," alisema.

"Kidogo," Harlan akakiri.

"Bwana Harlan, umelifuta hili sana, hata madoa yake yamechubuka." Akamgeukia binti yake na kumpa kijiti. "Kula hapahapa, usije ukalidondosha njiani. Kula taratibu, usije ukavunja meno."

Mnara wa taa uling'ata. Ganda likalia. Harlan alisimama na sinia lake mikononi, akausikiliza mlio huo mpaka mwisho.