Mimi na Baba Mkwe, Kikundini Mikumi

Nilipotaka kuacha pombe nilikikwepa kikundi cha Kilosa cha wanaosaidiana kuiacha kwa kusimuliana, kwa kuwa huko wananijua, nikapanda basi hadi Mikumi. Kikundi cha huko kilikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Nilipoingia, nikamkuta baba mkwe wangu wa Tindiga ameketi kwenye dawati, akisubiri zamu yake ya kusema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unamtafuta nani huku?"

"Fundi baiskeli, baba."

"Humu hayumo. Mimi mwenyewe nilikuwa napumzisha miguu," akasema, akachukua kofia yake.

Kwetu mtu haaniki aibu yake mbele ya mkwewe. Tulitoka pamoja, tukaagana stendi kwa adabu zote. Jioni hiyo nililewa. Yeye tulimzika baada ya mavuno, na sikuwahi kumuuliza kama alirudi kikundini.