Siku ya Kontrole, Mufu Aliitika

Nakumbuka asubui moja ya mvua pale Kenya, ile mutaa yetu, haiko ile inchi, mwanangu, mama mumoja aliketi mu kiti ya nyumba yetu akaitika jina yenye haikuwa yake. Mi sikusoma sana. Masista balinirudisha nyumbani mapema, balisema kichwa yangu ni nguvu, haishikake masomo, na balisema kweli. Lakini ile nilionaka na haya macho, hakuna biro ya serikali yenye inaweza kuniondolea. Kaa vizuri usikie.

Nilikuwa nimeolewa mu jamaa ya bantu ba kaskazini, benye kukimbia vita. Bwana yangu alikuwa anachimba madini mbali, anatuma salamu, na salamu haijazake sufuria. Tulikuwa tunakula sababu ya mama yake, Mama Ngoie. Serikali ilikuwa inasaidia jamaa zenye zilikimbia na zenye ziko na muzee: bunga, maharagi, mafuta. Yeye njo alikuwa muzee yetu. Lakini kila kisha miezi kadhaa, bantu ba sociale, benye kugawa ile musaada, banakuya kufanya kontrole. Banaita jina, unaitika, banakuona na macho. Mwenye kuhama banamufuta, mwenye kupata kazi banamufuta, mwenye kufa banamufuta.

Sasa Mama Ngoie alienda kutembelea mudogo yake, Tata Ilunga, kule Kasomeno, na kule akafa. Balimuzika kulekule mu matope ya mvua. Binti yake mukubwa, Yaya Mado, alirudi peke yake. Nilifungua kinywa ya kulia, akaniziba na mukono.

"Nyamaza! Kontrole inakaribia. Ukilia, majirani bote batajua, na kesho batoto bako batakula nini? Machozi?"

Mutoto yangu ya mwisho alikuwa mwembamba sawa kijiti ya kibiriti. Nikanyamaza. Tulimeza kilio sawa dawa chungu. Hakuna mukeka chini, hakuna moto inje, hakuna kunyoa kichwa. Bazee balisema: mwenye kuficha ugonjwa, kilio itamufunua. Sisi tulificha kilio yenyewe. Nani alibakia wa kutufunua?

Ungojee nikuelezee kitu moja, juu nyinyi batoto ba leo munaona jina ni kelele tu ya kinywa. Kwetu, muntu akikufa, jina yake inalala kwanza. Tunalia, tunakaa chini. Kilio ikiisha, bazee banachagua muntu mumoja mu jamaa, banamupakaa pemba, ule udongo mweupe, ku kifua, banamwita kwa jina ya mufu. Kutoka pale, hata akiwa mutoto ya kunyonya, batoto ba mufu banamwita mama. Njo vile mufu anapata fasi ya kukaa. Haiko muchezo.

Yaya Mado alienda ku soko akamuleta Kambo Musonda, kambo ni kusema bibi, muzee mwenye kuuza majani ya maboke ya kupika mboga, mama ya Kibemba asiye na muntu hata mumoja. Alilalaka nyuma ya meza za soko na alipenda kucheka. Yaya Mado akamuketisha mu kiti ya Mama Ngoie, akamuvika kikwembe yake, akamufunga kitambala yake ku kichwa.

"Bakiita Ngoie, weye itika. Kutoka leo weye njo Ngoie."

Kambo Musonda akacheka na yale meno yake machache. "Kama kuko bukari ya kula, muniite hata Papa ya Roma!"

Sisi bote tukacheka.

Bwana ya kontrole alifika na mwamvuli. Kijana ya adabu, alipangusa viatu ku mulango. Akaita jina yangu, nikaitika. Akaita batoto, bakaitika. Akaita, "Ngoie?"

Kambo Musonda hakuitika mara moja. Aliinamisha kichwa, alikuwa sawa anasikiliza muntu mwenye anamunongonea ku sikio. Kisha akasema, "Niko."

Mwanangu, ile sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mama-mukwe yangu, yenye kukwaruza, sauti yenye ilinitukanaka kila asubui juu ya chumvi. Na akaongeza maneno mu Kiluba, luga ya mama-mukwe yangu. Kambo Musonda, mama ya Kibemba, ya njia ya Kasenga, hakujua Kiluba hata ya salamu! Alisema, "Mado, juu nini hamunililie?"

Bwana ya kontrole hakusikia ile luga. Aliangalia kiti, akaangalia nyuma ya kiti, akaandika, akaaga. Tulipita ile kontrole. Bunga ikakuya.

Nikapika bukari ya moto, ugali ya ile bunga, na mboga yenye mafuta, nikaiweka mbele ya Kambo Musonda, juu alikuya kwetu sababu ya tumbo. Hakuigusa. Kesho yake vile. Na siku yenye ilifuata vile. Aliketi tu mu kiti, mikono ku magoti, na kikwembe yake ilikuwa inalowana chini, mu nyumba yenye haivuje. Nilimushika mukono. Ilikuwa baridi sawa jiwe ya mutoni.

"Kambo, kula."

"Mwenye alikufa anakulaka?" akaniuliza, pole pole, sawa mutoto anauliza njia.

Yaya Mado alisema muzee anataka tu kubembelezwa. Lakini ye mwenyewe alikuwa anapitia mulango ya nyuma, juu asipite mbele ya kile kiti. Na mi niliona yule muzee anaisha. Mashavu yaliingia ndani. Tulimutoa ku soko akiwa anacheka, na alikuwa anakufa mu nyumba yetu, na bunga yetu imejaa.

Njo pale Tata Ilunga akafika kutoka Kasomeno. Alikuya na pemba yake mu kipande ya gazeti, alifikiri anakuya kumaliza kilio. Akasimama ku kiwanja. Hakuna majivu ya moto. Akaangalia vichwa vyetu, nywele zote ziko. Kisha akaona ndani, mu kiti, kikwembe ya dada yake. Pemba ikamuanguka mu mukono.

"Nani alimupa huyu jina?"

Yaya Mado akasema, "Tata, ilikuwa juu ya kontrole tu. Jina ya karatasi."

"Ya karatasi? Ulimufunga kitambala na mukono yako. Ulimwita na kinywa yako. Weye mutoto ya kuzaliwa na yeye! Mufu atajua wapi kama ulikuwa unadanganya sociale? Yeye alisikia binti yake anamwita, akakuya. Alikuta hakuna mwenye kulia. Basi aliketi fasi mulimuonyesha."

"Tukilia sasa, tata, batatufuta."

"Musipolia, huyu mama ya bantu atakufa mara mbili, mara yake na mara ya dada yangu. Muchague."

Yaya Mado aliangalia gunia ya bunga. Mi niliangalia mutoto yangu. Sidanganye, mwanangu, nilimuangalia sana. Kisha nikatupa kitambala yangu chini, nikatoka ku kiwanja katikati ya muchana, mbele ya majirani bote, nikapiga kelele: "Mama Ngoie eeh! Mama ametuacha eeh!" Bamama bakatoka mu nyumba zao. Mumoja akauliza, "Amekufa leo?" Mi niliendelea kulia tu. Yaya Mado alianguka nyuma yangu, akalia mupaka sauti ikakatika. Tata Ilunga alimutoa Kambo Musonda kile kitambala na kile kikwembe, akamupulizia maji ku uso, akamwita Musonda, Musonda, Musonda.

Tulilia mupaka jua ikainama. Njo tukasikia ndani ya nyumba sauti ya kucheka-cheka, ya meno machache: "Ninyi, munalia nini? Ile bukari mulisema iko wapi?"

Kesho yake nilivaa viatu nikaenda ku biro, mu mji, peke yangu. Nikamukuta yule bwana ya kontrole. Nikasema, "Mama Ngoie alikufa kontrole haijafika. Yule mwenye kuitika ni Musonda. Munifute kama munataka, lakini mumuandike Musonda kwa jina yake. Ni muzee, hana muntu, anakaa kwangu."

Hakukasirika. Aligeuza karatasi zake, kisha akakuna shingo. "Mama," akasema, "nilikuwa ninataka kukuuliza. Ile siku niliona bazee babili. Mumoja aliitika. Na ule mwingine mwenye kusimama nyuma ya kiti, mwenye matope ku magoti? Nilimuangalia anipe jina, akakatala. Ule ni nani?"

Nikamujibu: "Ule njo nilikuya kufuta."

Balitukata chakula mupaka kontrole yenye ilifuata. Tulikula majani ya maboke ya Kambo Musonda, kila siku, mupaka batoto bakayachukia. Yaya Mado alinikasirikia muda murefu. Lakini yule mwembamba wangu hakufa, na leo ana ndevu. Na Kambo Musonda bakamuandika kwa jina yake.

Basi, mwanangu, nisikie vizuri. Njaa ni mushauri mubaya, inaongea mbio. Bakikuya kukuhesabu, useme ile iko. Mwenye kuzaliwa, umutaje. Mwenye kuhama, umutaje. Mwenye kufa, umulilie kwanza, kisha uende ku biro weye mwenyewe, usingoje bakukute. Na ukitaka kusaidia muzee ya inje, umuingize kwa jina yake, haiko kwa jina yenye ulichukua ku kaburi. Haki yako yaweza kuwa kidogo, ni yako. Ile ya mufu, hata ikijaza nyumba, haitakushibisha.

Mungu akupe sufuria yenye kuchemka na bantu ba kuizunguka. Akupe bantu ba kukulilia kwa sauti kubwa siku yako ikifika, benye hawaogope jirani. Na kila fasi bataita jina yako, uitike weye, na nyuma ya kiti yako kusikuwe muntu.