Muhtasari wa Kikao Ambacho Hakijafanyika

Shangazi yangu ni karani wa vikao vya wananchi, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Mtaani wanamwita Kauli Moja, jina asilolipenda hata kidogo, maana kila muhtasari wake ulikuwa na maneno yale yale: "Baada ya majadiliano marefu, wananchi wameridhia kwa kauli moja." Watu waliweza kuondoka wamenuna mkutano mzima, lakini kwenye karatasi wameridhia. Nilikuwa namtania kwamba hata talaka yake ilipita kwa kauli moja.

"Hicho ndicho kikao pekee ambacho pande zote ziliridhia kweli," alikuwa akinijibu.

Siri yenyewe ni kwamba mihtasari iliandikwa kabla. Mkuu wa ofisi ya mtaa alimpa uamuzi siku moja kabla ya kikao, yeye akachapa, akaacha nafasi ya kujaza idadi ya watu. Hewala haigombi, na mimi sikuwa na ubavu wa kumlaumu, kwa kuwa mshahara huo ndio ulionisomesha.

Halafu ofisi ikataka chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu kigeuzwe stoo ya mafaili. Wajawazito waende hospitali kubwa, zaidi ya saa moja kwa gari, kama gari lipo. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Shangazi alichapa muhtasari wa jambo hilo kwenye meza ya jikoni, nami nimekaa kando yake namenya viazi, wala hakuinua macho. Nilimkasirikia mpaka kisu kikanikata kidole.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa. Mkuu hakuwa amemaliza hata salamu zake, mkunga wa zahanati akasimama.

"Karani, hebu tusomee ulichoandika mpaka sasa, tujue kama tunaenda pamoja."

"Muhtasari husomwa kikao kijacho," mkuu akadakia.

"Mficha uchi hazai, mzee. Karani, soma."

Shangazi hakuwa na kitu mkononi ila ile karatasi. Sijui ni woga au mazoea: alivaa miwani, akaisoma. Akasoma kwamba mzee mmoja alitoa shukrani. Akasoma kwamba baada ya majadiliano marefu wananchi wameridhia kwa kauli moja, na kikao kikafungwa saa saba kamili mchana. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

"Basi twendeni tukale!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe tumeshamaliza!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha kicheko kikaisha, na watu wote wakabaki wanamtazama yeye. Nilisahau hasira yangu. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kwenda kumshika mkono.

Shangazi akaigeuza ile karatasi upande mweupe.

"Nisameheni," akasema. "Hii niliiandika jana. Haya, semeni. Leo naandika mnachosema."

Wakasema! Walisema mpaka akalalamika, "Jamani, taratibu, mkono ni huu mmoja." Mwishowe wakanyoosha mikono, akaihesabu mara mbili. Waliokubali tisa. Waliokataa mia moja na kumi na wawili.

Jioni mkuu akamwita, akamtaka aweke maneno sawa kabla ya kuyapeleka halmashauri.

"Maneno yameshakaa sawa, mzee," akajibu. "Ni vile tu leo ni mengi."

Wiki tatu zilizofuata hakulala vizuri. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, akingoja barua ya kufukuzwa, na nyumbani akagombana na kila kitu, mpaka sufuria. Barua ya halmashauri ilipokuja, aliisoma amesimama mlangoni: "Kwa kuwa wananchi hawakuridhia, pendekezo limekataliwa. Chumba cha kujifungulia kitaendelea kutoa huduma."

Nilipiga kelele za furaha. Yeye akaketi, akalia.

"Shangazi, si tumeshinda?"

"Wanasoma," akasema.

"Nani?"

"Huko juu. Miaka yote nilijua hawasomi, ni kupiga mhuri tu na kufungia kabatini. Kumbe wanasoma, mwanangu. Wananisadiki. Hata uwanja wa kuchezea watoto ulipogawiwa watu wajenge, niliandika wameridhia. Walinisoma, wakanisadiki."

Nilimletea maji, akanywa, akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Ule uwanja bado haujajengwa kitu," akasema. "Na kanuni inasema watu hamsini wakitia saini, kikao lazima kiitishwe. Wala mkuu hawezi kukataa."

Akavuta karatasi, akapiga mistari hamsini kwa rula. Akaandika jina lake mstari wa kwanza, kisha akanisukumia kalamu.