Safari ya Majimoto Kutafuta Mikanda ya Redio

Nilikwenda Majimoto kwa sababu ya Nkwabi, aliyekuwa karibu kufikishwa polisi kwa wizi wa ng'ombe. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa fundi redio pale Mpanda mjini. Nkwabi alikuwa mswagaji wa Mzee Shabani, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua ng'ombe Majimoto, Nkwabi akawaongoza kwa miguu hadi stesheni ya Mpanda, wakapakiwa kwenye mabehewa ya Tabora. Mzee Shabani aliamini kwamba huko njiani wanono hubadilishwa na waliokonda.

Mtaalamu mmoja wa Ulaya akamwachia mashine aijaribu, naye akanikabidhi mimi. Niliipenda kupita kiasi. Kila ng'ombe alivalishwa mkanda wenye kidude kisicho na betri. Akipita kwenye lango lililozungushiwa waya, mawimbi ya redio yanakiamsha kidude, nacho kinajibu kwa namba yake, na namba inawaka kwenye kisanduku. Biashara nzima ingejulikana kwa kuangalia taa. Mara ya kwanza nilikwenda Majimoto kwa mzee mmoja aitwaye Luhende, nikawafunga mikanda kwa mikono yangu mwenyewe ng'ombe aliomuuzia Mzee Shabani, nikarudi kwa lori. Nkwabi alikwenda kuwachukua baadaye.

Siku walipofika stesheni, walipita langoni mmoja mmoja, kisanduku kimya. Nilikaza nyaya, nikabadilisha betri ya gari iliyokiendesha, kimya vilevile. Ndipo tukatazama shingo zao. Hapakuwa na mkanda hata mmoja.

"Mikanda iko wapi?" Mzee Shabani aliuliza mbele ya wanunuzi na wapakiaji.

"Mikanda gani, mzee? Mimi nimekabidhiwa ng'ombe hivi hivi."

"Basi umebadilisha kundi zima! Mwizi mkubwa wewe!"

Nkwabi alinigeukia mimi, na mimi ndiye shahidi niliyeifunga ile mikanda. Moyo uliniuma. Nilimwomba Mzee Shabani asiende polisi kwanza, niende Majimoto na kurudi. Kwa kuwa behewa lilikuwa bado halijapatikana, alikubali, uso umekunjamana.

Asubuhi nilidandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga. Dereva alikuwa mtu wa maneno. "Fundi," aliniambia, "mashine yako ikimaliza wezi wa ng'ombe, niazime imkamate anayeninyonyea dizeli." Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikuwa na hofu: ama Nkwabi, niliyekunywa naye chai mara nyingi, alikuwa mwizi, ama palikuwa na jambo nisilolielewa hata kidogo.

Sitalike tulivuka mto Katuma, viboko wamejazana kwenye tope, wanapumua kwa kelele. Baada ya hapo ni msitu na mbung'o wanaouma hata juu ya nguo. Kwenye kizuizi cha mbung'o, upande wa pili wa msitu, mlinzi alilizunguka lori letu na wavu wake wa kuwanasa. Nilimuuliza kama alimwona Nkwabi akipita na ng'ombe.

"Yule anayewaimbia? Nilimwona."

"Shingoni walikuwa na kitu?"

"Shingoni? Walikuwa na mbung'o tu."

Sikufurahi. Kumbe hata kabla ya kufika msituni mikanda ilikuwa haipo.

Majimoto tulifika jua likiwa limepungua ukali. Nilitembea hadi kwa Mzee Luhende, na mke wake akanipokea kwa maji ya kunawa, ugali na maziwa ya mgando. Mgeni haanzi na shida zake, nikala kwanza, ingawa kila tonge lilipita kwa shida. Niliponyanyua kichwa kushukuru, nikaona juu ya mlango wa zizi kamba nyingi kuukuu zimening'inia, na katikati yake mikanda yangu yote, imepakwa samli, inang'aa.

"Mzee," nikasema, "mbona mliivua?"

"Nimewauzia ng'ombe," alijibu Mzee Luhende. "Kamba sikuwauzia."

Mke wake alicheka. "Ng'ombe akiondoka na kamba yake, baba, anawavuta na wenzake. Zizi linakauka. Kwani nyie huko mjini hamjui?"

"Lakini ile si kamba, mama, ni redio!"

"Ilikuwa shingoni, haikuwa shingoni?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikakatika, maana nilimkumbuka Nkwabi. Nikawasimulia yote na kuomba mikanda nimpelekee Mzee Shabani. Mzee Luhende alitikisa kichwa.

"Hiyo imeshakuwa ya zizi, haitoki. Lakini kijana wa watu hawezi kuitwa mwizi kwa ajili ya kamba zangu. Nitakwenda mwenyewe."

Kesho yake tulirudi juu ya magunia ya mpunga, mzee ameshika fimbo yake, hasemi mengi. Mpanda tulimkuta Mzee Shabani kwenye zizi la stesheni pamoja na Nkwabi. Mzee Luhende aliingia ndani, akampapasa fahali mmoja nundu, akatoka.

"Hawa ni wale wale niliokuuzia," alisema. "Mikanda ninayo mimi. Niliivua kabla huyu kijana hajafika."

Mzee Shabani alimgeukia mswagaji wake. "Haya, Nkwabi, yameisha. Rudi kazini."

"Kazini nitarudi, mzee," Nkwabi alisema taratibu. "Lakini uliniita mwizi mbele ya watu. Usinisafishe hapa tukiwa wanne."

Siku ya kupakia, wanunuzi na wapakiaji wote wakiwapo, Mzee Shabani alivua kofia yake. "Huyu nilimwita mwizi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilimkosea." Nkwabi aliinamisha kichwa, kisha akafungua lango na kuanza kuwaimbia ng'ombe waingie behewani.

Safari zilizofuata tulimwacha kwanza mwenye ng'ombe avue kamba yake, ndipo tukafunga mikanda mingine nje ya kijiji, na namba ziliwaka vizuri sana. Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Siku ile haikumtaja mtu yeyote. Ilinyamaza tu, na neno mwizi lilitoka vinywani mwetu sisi wenyewe.