Mama Mkwe Alipokalishwa

Mpaka leo, baridi ya Juni ikianza kupuliza hapa Ufipa, namsikia mama mkwe akikohoa. Kafa zamani, lakini kikohozi chake hakijahama nyumba hii.

Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa huku upande wa Matai mimi nikiwa bado mke mchanga. Nyumba zilipangwa mstari, shamba la kijiji liko mlangoni. Mama mkwe hakuutaka mstari. Kila asubuhi alitwaa jembe, akapanda kilima kurudi kwenye mahame yetu, akafukia majani ndani ya matuta ya mviringo kama alivyofundishwa na mama yake. Kinywani alibakiwa na meno mawili, na mafua hayakumjua. Sisi vijana ndio tuliokuwa tunapiga chafya.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba anakwenda kuongea na wafu wake. Kisha wakamgeukia mume wangu.

"Mwanamume gani wewe, mama yako analima na wewe upo?"

Kwetu hilo ni tusi. Mtoto mwenye adabu humnyang'anya mzazi jembe. Mume wangu akalichukua, akalisokomeza darini.

"Mama, umelima vya kutosha. Kaa sasa, tukulishe."

"Mnaniatamisha kama kuku, na mayai hamjanipa?"

Tulicheka. Akakaa jikoni kwenye moshi, blanketi magotini. Ugali wa ulezi tulimpelekea, maji ya kunawa tulimpelekea, hata kijiti cha kuni hakuruhusiwa kuokota. Majirani wakatusifu. Miguu yake ikakonda ikawa kama mipini. Baridi ilipofika, hata kwenda mlangoni alishika ukuta.

Kikohozi kikaingia kijijini, kikapita kila nyumba. Mimi nililala siku chache, nikaamka nikatwanga. Mume wangu vilevile. Mwili wa kijana unasamehe. Mama mkwe kilimshuka kifuani, kikakaa humo.

"Mwanangu," aliniambia, "niteremshie jembe langu, nikatembee kidogo."

Wapi. Hata kuketi alikuwa anaegemezwa. Tulimzika kabla baridi haijaisha.

Mjukuu wangu ni muuguzi Sumbawanga mjini, na hilo nalisema nimenyanyua kichwa. Ananiambia mwilini mna kinga, kama askari. Kwa mzee askari hao husinzia, na mwendo wa kila siku huwaamsha. Nikamuuliza lile linalonikosesha raha.

"Basi kukaa kule ndiko kulikomuua?"

"Bibi, hata wanaotembea hufa kwa kikohozi. Siwezi kusema."

Kasoma, na hakunidanganya. Mume wangu aliingia kaburini akijua kwamba alimtunza mama yake, na heri hakuwahi kuuliza.

Mimi natembea kila asubuhi mpaka barabara ya Kasanga na kurudi. Wanangu wana adabu sana. Wakiniona tu, wananivutia kiti. Nasimama.