Tak ya Kiti cha Kushoto

Tak.

Ndiyo sauti aliyoibeba kapteni kwa miaka thelathini na moja: ndogo, kavu, kama njiti ya kiberiti inapovunjwa. Ilitoka chini ya kiti chake, pale jino la chuma linapoingia kwenye tundu la reli na kiti kikatulia. Bila tak hiyo hagusi injini. Alipokuwa bado rubani mgeni, kiti cha mkuu wake kiliteleza nyuma ndege ikishika kasi ya kuruka, mikono ya mzee wa watu ikabaki hewani, usukani uko kule. Aliyeudaka ni yeye. Walipotua, yule mkuu alimwambia, "Mwanangu, usiondoke mpaka kiti kiseme."

Chumba cha marubani alikijua kama mtu anavyojua visirani vya mashemeji zake. Mlikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, pacha watupu, kimoja cha uelekeo, kingine cha kimo. Kimoja akakivisha mpira wa kufungia mifuko ili vidole visidanganyike. Kishikio cha kikombe kilikaa juu ya redio, kana kwamba aliyekichora hajawahi kumwaga chai maishani. Kizuia jua kilianguka kila asubuhi, naye akakibana kwa vibanio vya nguo alivyovitoa kwenye kamba ya mkewe.

"Baba watoto," mkewe alimuuliza siku moja, "hiyo ndege inaruka kwa mafuta au kwa vibanio vyangu?"

"Kwa vibanio vyako na dua zako."

"Basi vibanio nirudishie. Dua baki nazo."

Mwezi ule kiti kikanyamaza. Kapteni akaandika kwenye kitabu cha hitilafu, ambamo marubani hulalamika upande mmoja na mafundi hujibu upande wa pili: Kiti cha kushoto hakitoi sauti kinapofunga. Akajibiwa: Kimekaguliwa. Kinafunga vizuri. Akaandika tena. Akajibiwa: Kimetiwa grisi. Sauti ipo. Mara ya tatu aliikandamiza kalamu: Sauti HAIPO. Fundi naye akaandika: Kapteni, njoo ukae, tusikilize wote.

Fundi huyo alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Walikutana ndani ya ndege, karakanani, kumetulia. Rubani msaidizi, binti ambaye kapteni mwenyewe alimfundisha kutua, alisimama mlangoni akisoma simu.

Fundi akapiga magoti, akakisukuma kiti na kapteni wake.

"Haya?"

"Bado."

"Bado nini, Kapteni? Kimefunga. Jitikise uone."

Akajitikisa. Kiti kama kimechimbiwa.

"Rudia," alisema.

Safari hii hakukiangalia kiti. Alimwangalia binti. Fundi aliposukuma, macho ya binti yaliinuka kidogo kutoka kwenye simu, yakarudi. Kapteni aliiona ile tak ikipita usoni pake. Akakumbuka birika la nyumbani, jinsi mkewe anavyomwambia linapiga mluzi, naye hubisha kwamba halijachemka.

Fundi alimtazama, akavaa miwani, akaivua.

"Kosa ni la aliyekichora," alisema taratibu. "Hakuweka taa, hakuweka alama, kazi yote kaliachia sikio. Nitaomba ruhusa nipige mstari mwekundu kwenye reli, jino likiingia uuone kwa macho. Hapa naandika kiti kizima. Yaishe."

Kapteni alielewa anapewa nini. Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu: miaka miwili ya mawingu kuyaona mgongoni, ya kuwasalimu abiria mlangoni. Wakimpima masikio, leseni inakwenda. Lakini mle ndani mna vilio vingine vyembamba vya tahadhari, vya moto, vya mlango, na si vyote vinaweza kupigiwa mstari mwekundu.

Akabandua kibanio kutoka kwenye kizuia jua, kisha cha pili, akavitia mfukoni.

"Mstari upige," alisema. "Atakayekaa hapa auone."

Binti alikuwa ameishusha simu. Fundi alishika kalamu juu ya ukurasa, haandiki.

"Na hapo uandike, dada yangu," kapteni alisema kwa sauti iliyowafanya wote wawili wainame kumsikiliza, "kiti kimesema. Mimi ndiye sikusikia."